Niliyoandika Kuhusu Wakaanga Samaki wa Feri

Mimi si mtu wa kukaa. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, husema kwamba utotoni nilikuwa nakula huku natembea, na sahani yangu ilikuwa ikitafutwa uani kila jioni. Mpaka leo nikipewa kiti nakaa ukingoni. Kwa hiyo nilipopata kazi ya udadisi, kazi ya kuzunguka na kuwauliza watu maswali, niliona hii sasa imeandikiwa mimi. Nilikosea. Ile ni kazi ya mtu anayeweza kukaa kitako.

Ofisi yetu ya muda ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya nne ya jengo ambalo chini kote wanauza mashuka na mapazia. Tulikuwa wadadisi sita na msimamizi mmoja, kijana mpole wa chuo kikuu, mwenye miwani na shati lililobaki limenyooka hata saa tisa mchana wakati sisi wengine tumeshachakaa. Spika za wauza mashuka zilianza kupiga kelele asubuhi na hazikunyamaza mpaka watu wafunge. Sisi kule juu tulikuwa tunafundishwa jinsi ya kupima maumivu ya watu kwa kishikwambi, na mimi nilikuwa nimesimama dirishani muda wote, maana kila nikikaa miguu inaniwasha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyavu za macho madogo zilikuwa zimepigwa marufuku, na boti zilizokuwa zikileta dagaa na vibua vidogo zilikuwa zimefungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wapate kukua. Sina ugomvi na hilo. Hata wavuvi wenyewe, ukiwabana, walikiri kwamba baharini kumekuwa kutupu. Ila samaki wadogo ndio waliokuwa wakiliendesha banda la kukaangia pale Feri, kwenye soko la samaki. Wanawake wanaokaanga pale hawanunui nguru wala kolekole. Wananunua kile ambacho mahoteli hayakitaki, wanakaanga, na kabla ya adhuhuri samaki hao wako Kariakoo kwenye sahani za mama lishe. Kuna watu walitaka kujua utaratibu mpya umewafanyia nini binadamu, siyo samaki peke yao, na ndiyo maana tukaajiriwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Banda lile lilikuwa linakaribia kupangwa upya na nafasi zilikuwa zinapungua. Wale ambao dodoso letu lingeonyesha wameumia zaidi na marufuku wangepewa vizimba kwanza, na waliobaki wangejitafutia pengine. Tuliambiwa hilo siku ya mafunzo, na papo hapo tukakatazwa kuwaambia tunaowahoji, wasije wakatunga majibu. Niliweka sahihi kwenye karatasi ya kiapo bila kusita. Mama mdogo alikuwa na sehemu yake kwenye banda lile kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikumwambia msimamizi, na sikumwambia mama mdogo. Nilijipa moyo kwamba nitapangiwa wengine.

Na kweli, wiki ya kwanza nilipangiwa wavuvi. Kazi ilikuwa mteremko. Wanaume wale wamezoea mikutano. Hujamaliza swali, mtu ameshasema hali ni mbaya, tena mbaya sana, andika hivyo hivyo, na mwenzake anadakia kutoka kwenye boti ya jirani kwamba na yeye aandikwe kama huyo. Nilikuwa namaliza watu kumi kabla ya adhuhuri. Nilirudi Kariakoo kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, nikijiona hodari, na msimamizi akaniambia mimi ndiye mwenye kasi kuliko wote.

Wiki ya pili mwenzangu aliyepangiwa banda la kukaangia aliuguliwa na mtoto. Msimamizi akanipigia simu nikiwa njiani, akaniambia nenda wewe. Kanuni ilikuwa wazi kwamba mdadisi hamhoji ndugu yake, na ule ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nikafungua mdomo, nikasema sawa.

Banda la Feri ukiingia unaingia kwenye moshi kwanza, watu unawaona baadaye. Majiko yamepangwa safu mbili, kila mwanamke na karai lake, kigoda chake, na mpaka wake ambao haukuchorwa popote lakini ole wako uukanyage. Asubuhi ile majiko yote yalikuwa yanawaka. Kwenye kipengele cha kwanza, kile cha mdadisi kuandika anachokiona, nikaandika kwamba shughuli zinaendelea kama kawaida.

Sasa hapa ndipo palipo kosa langu, na siwezi kujitetea kwamba sikujua. Kwetu mtu hakuulizi hali ukamjibu mbaya. Unaweza kuwa umetoka kuzika asubuhi hiyo hiyo. Ukiulizwa habari za nyumbani utasema nzuri, kisha mtakaa, mtaulizana watoto, mtalalamikia joto, na baadaye kabisa, sauti ikiwa imeshuka, ndipo utasema: ila. Habari yenyewe huja baada ya hiyo ila. Nimekulia humo, najua kuisubiri kama ninavyojua kusubiri wali uive. Lakini kishikwambi hakisubiri. Swali lake la kwanza lilikuwa kama, tangu utaratibu mpya uanze, hali ya maisha ya kaya yako ni nzuri, ya wastani au mbaya. Ukibonyeza nzuri, mashine inaruka maswali kumi na saba, yale ya mlo, ya watoto, ya nani ameondoka nyumbani na nani amerudi, inakupeleka moja kwa moja kwenye kushukuru na kuaga.

Mwanamke wa kwanza akasema nzuri, tunashukuru. Wa pili akasema nzuri tu, mwanangu, za kwako? Nikabonyeza. Nilikuwa namaliza mtu mmoja kwa dakika nne. Baadhi yao, nilipokuwa nimeshanyanyuka, walikuwa bado wananitazama kama watu ambao hawajamaliza kusema. Niliwaona, na niliendelea. Wavuvi walikuwa wamenizoesha vibaya, na miguu yangu ilikuwa inataka kwenda.

Wa tisa alikuwa mama mdogo. Wanawake wakacheka, wakasema leo mtoto anampima mamake. Karai lake lilikuwa jikoni, limefunikwa kwa sinia, moto unawaka chini. Kando yake, bega kwa bega, alikaa mwanamke mwembamba ambaye boti ya mumewe ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungwa. Huyo nilikuwa nimeshamwandika nzuri dakika chache tu zilizopita. Nikamwamkia mama mdogo shikamoo, akaitika marahaba, akajifunga kanga vizuri na kukaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikamsomea swali.

Alisema, "Nzuri. Tunamshukuru Mungu."

Nilimtazama. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeenda kwake Magomeni, na katika nyumba ile ambayo tangu nina akili haikukosa samaki, nilikula maharage. Jumapili ya kabla yake pia maharage. Nilimtania kwamba sasa amekuwa Mchaga wa mlimani, na yeye akacheka akaniongeza mchuzi. Kwa hiyo nilijua, au tuseme nilijua vya kutosha kunizuia kidole. Lakini mafunzo yalisema andika ulichoambiwa, usimwekee mtu maneno mdomoni. Na kusema kweli nilikasirika kidogo, kwamba ananijibu mimi kama mgeni aliyekuja na begi. Nikabonyeza nzuri. Mashine ikaruka, nikamshukuru kwa muda wake, nikahamia kwa mwanamke wa kumi.

Wiki mbili zilipita. Siku moja msimamizi alituita, akiwa na furaha ya mtu ambaye hesabu zake zimekubali, akatusomea muhtasari wa mwanzo. Wavuvi wameathirika sana, alisema, na wanapaswa kupewa kipaumbele. Wakaanga samaki, kinyume na ilivyotarajiwa, wamestahimili vizuri. Shughuli zao zinaendelea na hali zao ni nzuri. Alisema wanawake wa pwani ni majasiri, kuna la kujifunza kwao. Wenzangu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa dirishani kama kawaida.

Nilishuka ngazi zote nne bila kuaga. Nikapita katikati ya mashuka na watu, nikatokea Msimbazi ninakopanga chumba, nikafika mlangoni, nikageuka bila hata kutoa ufunguo. Nilizunguka mitaa ile kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwenye duka la vyombo ambaye ndiye mwenye nyumba wangu, mama wa Moshi asiyependa watu kupita pita mbele ya bidhaa zake, aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Nilipopita mara ya tatu akaniambia nikae basi ninywe hata maji. Sikukaa. Nilirudi ghorofa ya nne.

Nikamweleza msimamizi yote: kwamba nilimhoji mama yangu mdogo kinyume cha kanuni, na kwamba majibu yale ya nzuri hayakuwa majibu, yalikuwa salamu, nami nilijua. Hakunipigia kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akauliza kwa nini sikusema mapema. Mwishowe akasema atanipa siku mbili kuwahoji upya wanawake wa banda, mmoja mmoja, mbali na wenzao. Mama mdogo angehojiwa na mdadisi mwingine. Na kwenye safari iliyokuwa inafuata, ya vijiji vya pwani ya Lindi walikotoka wazazi wangu, safari niliyoililia tangu mwanzo, mimi sitakuwemo. Nikasema sawa, na safari hii nilimaanisha.

Siku hizo mbili nilijilazimisha kukaa. Nilichukua kigoda, nikaketi, nikaparua magamba pamoja nao pale palipokuwa na samaki wa kuparuliwa. Nilimchukua kila mwanamke pembeni, karibu na matenki ya maji, nikauliza habari, nikaambiwa nzuri, nikanyamaza. Sijui kama msomaji ameshawahi kunyamaza dakika tano na kila kiungo kinataka kuondoka. Lakini ila ilikuja. Ilikuja kwa kila mmoja.

Mmoja aliniambia binti yake amehamia kwa shangazi yake Mbagala kwa sababu kule kuna mlo wa mchana. Mwingine alikuwa anachukua vibua vya friza kutoka Kariakoo na wateja wanavikwepa, wanasema havina ladha ya bahari. Mwingine alijaribu kukaanga mihogo kwenye karai lile lile, watu wakasema inanuka samaki, naye akacheka sana aliponieleza, halafu hakucheka tena. Walizoea pia kuondoka na samaki wawili watatu wa kitoweo, ambao wavuvi waliwatupia bure wakati boti zikishusha. Hilo halikuwa kwenye dodoso kabisa, maana halikuwa mauzo wala manunuzi, na ndilo lililokuwa likilisha watoto wao.

Yule mwanamke mwembamba nilimwacha mwisho. Badala ya kujibu alinishika mkono, akanirudisha ndani ya banda, akafunua karai lake. Lilikuwa na maji. Akasogea hatua moja akafunua la mama mdogo, ambaye alikuwa ameenda chooni, nalo lilikuwa na maji, yanachemka taratibu. Akaniambia karibu nusu ya safu ile ni maji matupu. Wanakuja alfajiri, wanawasha moto, wanafunika, wanashinda pale mpaka mchana, kwa sababu jiko likikaa siku mbili bila moshi mtu mwingine atasema sehemu hii haina mwenyewe. Nilikumbuka nilivyoandika kwamba shughuli zinaendelea kama kawaida.

Mchana ule nilimfuata mama mdogo nyumbani Magomeni. Alikuwa uani anapepeta mchele. Pale nilivunja kiapo changu, na sijutii: nilimwambia habari za vizimba. Nikamwambia kesho atakuja dada mwingine kumhoji, amwambie ukweli, amfunulie karai, aseme mbaya. Nilikuwa nazungumza huku nazunguka uani, mpaka akaniambia nisimame, ninamtia kizunguzungu.

Alimaliza kupepeta kwanza. Kisha akasema, "Siku ile aliyekaa kando yangu hakuwa amepika kwake tangu juzi yake. Mimi nimekula maharage. Ningesema mbaya, ya kwake tungeiitaje?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani ni kiburi, au adabu tu ya kizamani. Kumbe mama mdogo alikuwa amepima, kwa jicho moja, kitu ambacho sisi na vishikwambi vyetu tulikuwa tunakihangaikia, na akajiweka mwenyewe mahali pake kwenye mstari. Nikamwambia hayo yamepita, yule mwanamke ameshaandikwa ukweli wake, wote wameshaandikwa ukweli wao, amebaki yeye. Nikamsihi. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele yake.

Akasema banda zima linajua mimi ni mwanawe. Jina lake likitokea kwenye orodha ile, kila atakayekosa atasema orodha imetengenezwa na mtoto kwa ajili ya mamake, watakwenda kushtaki, itafutwa, na wale wote niliowasikiliza watakosa pamoja naye. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza kwa nini haanzi kupika kabla ya kupata kuni. Nilimwambia hiyo si haki. Alikubali kwamba si haki. Kisha akanituma nazi dukani.

Kesho yake mdadisi mwenzangu, yule aliyeuguliwa na mtoto, alimhoji. Alimkuta amekaa vizuri na kanga yake, akamwambia hali ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Mwenzangu, ambaye nilikuwa nimemwelekeza asubiri, alisubiri robo saa nzima. Mama mdogo alimuuliza za kwao, za wazazi, za mtoto aliyekuwa mgonjwa, akampa kikombe cha chai, na akaagana naye.

Orodha ilibandikwa siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, kwenye mlango wa ofisi ya soko. Maandishi yalikuwa madogo na karatasi waliiweka juu. Wanawake waliponiona wakaniita niwasomee. Nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa nimeshazungukwa. Mama mdogo alikuwepo. Nilidhani hatakuja, kwa kuwa alishajua jina lake halimo. Aliyekataa ni yeye mwenyewe. Lakini alikuja, na hakuja na kanga ya jikoni. Alikuwa amevaa doti ya kanga aliyoitunza tangu Idi, imepigwa pasi, na alikuwa amepaka wanja.

Nikasoma. Majina yalikuwa kumi na manne. La tatu lilikuwa la yule mwanamke mwembamba. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, na mama mdogo akamshika bega akalitikisa kwa furaha, furaha ya kweli, namjua. Waliotajwa walianza kuondoka mmoja mmoja kurudi majikoni kwao. Wachache waliokosa walisonya, wakaniangalia kwa jicho baya, wakaenda zao. Nilifika mwisho wa karatasi, palipopigwa muhuri. Nikashusha mkono.

Mama mdogo hakuondoka. Alisogea akasimama chini kabisa ya ile karatasi, akainua uso, akifinya macho kwenye maandishi ambayo hakuweza kuyaona.

Akasema, "Hebu rudia kuanzia juu, mwanangu."

Nikarudia kuanzia juu, polepole, kila jina na la baba yake, na nilipolimaliza la kumi na nne yeye alikuwa bado anasubiri.